Bibi, kitambulisho na paa la makuti: kisa kimoja cha kutafuta msaada Malindi

Kisa hiki nimekifuata mwenyewe kwa miezi kumi na nne na Bibi amekubali kiandikwe. Jina lake nimelitoa, mtaa sijautaja, ofisi nazo sizitaji manake shida haikuwa ya ofisi moja. Naandikia wenzangu wanaosaidia watu kufuata makaratasi, maparalegali (wasaidizi wa sheria) wa kujitolea, walimu wa madrasa, akina mama wa vyama, mtu yeyote ambaye jirani anamgongea mlango usiku na bahasha mkononi akimwambia nisomee hii imeandikwa nini.

Bibi ni nani na aliishi vipi

Bibi ni mjane, anaishi Malindi, pwani ya Kenya, na wajukuu wawili waliofiwa na mama yao. Kazi yake ni kushona makuti, anakaa chini ya mwembe na fungu la makuti upande huu na fito upande ule, siku ikiwa nzuri anapata kama shilingi mia mbili. Nyumba ni ya udongo, ya vyumba vinne na ukumbi katikati kama zile za zamani, aliijenga marehemu mumewe miaka ya 80. Lakini kiwanja si chao. Kila mwezi analipa kodi ya kiwanja shilingi mia tatu kwa familia yenye hati.

Kwa msomaji ambaye si wa pwani hapa pana haja ya kueleza kidogo. Nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida sana kwetu. Nyumba ni yako, unaweza kuiuza hata kuirithisha, ila mchanga ulioko chini yake ni wa mtu mwengine. Mambo haya yana mizizi mirefu, Sheria ya Hatimiliki ya 1908 ilitaka kila anayedai ardhi katika ukanda wa pwani aende akaandikishe, walioandikisha wakapata hati na ardhi zisizodaiwa zikahesabiwa za serikali ya kikoloni, na wengi waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao hapo hawakuandikisha chochote. Wajukuu wao ndio hawa leo tunawaita maskwota ama wapangaji wa kiwanja. Sasa mwenye kiwanja ana kanuni yake ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: jenga kwa udongo na makuti, usijenge kwa mawe wala usiezeke mabati, kwa sababu kitu cha kudumu kinamfanya mpangaji aonekane ana haki ya kudumu. Shika hilo, litarudi.

Mambo yalivoenda

Novemba 2023 mvua za El Nino zilipiga pwani yote. Nyumba ya Bibi paa lilikuwa limechoka tayari, usiku mmoja boriti ya kati ikavunjika na upande wote wa nyuma ukalala. Ashukuriwe Mungu hakuna aliyeumia. Walilala ukumbini kwa jirani wiki tatu, halafu wakarudi chini ya turubai kwenye kile chumba cha mbele kilichobaki.

Mwezi huohuo ikasikika kuna mabati yanatolewa kwa walioharibikiwa na nyumba. Mzee wa mtaa akaandika majina, la Bibi likawemo. Desemba siku ya kugawa tukafika saa moja asubuhi, tukakaa mpaka adhuhuri, kufika mezani kijana wa pale akauliza barua ya mwenye ardhi iko wapi. Hatukuwa nayo, hakuna aliyetwambia inahitajika. Akasema mabati ni ya kuezekea nyumba na nyumba iko kwenye ardhi ya mtu, leteni barua ya ridhaa kisha mrudi. Bibi akamjibu, "Baba, mimi sijaomba ardhi, nimeomba paa." Yule kijana hakuwa na ubaya, akamwitikia kwa heshima kabisa, lakini jina likakatwa.

Tukaenda kwa mwenye kiwanja. Mzee mwenyewe ameshafariki, tulikutana na mwanawe. Akatusikiliza, akampa Bibi kiti na chai, halafu akasema barua hawezi kutoa. Wasiwasi wake nauelewa mpaka leo, aliona akiweka sahihi kwamba anaruhusu mabati basi kesho atapelekwa kortini na karatasi yake mwenyewe. Tukaondoka hivohivo.

Sambamba na hayo nikasema tumwandikishe Bibi kwa Inua Jamii, ile pesa ya wazee wa miaka 70 kwenda juu, elfu mbili kwa mwezi, ambayo tangu 2018 ni ya kila mzee asiyekuwa na pensheni na si ya wale maskini zaidi peke yao. Mimi nilijua Bibi ana zaidi ya sabini. Mtaa mzima unajua. Nikajaza fomu, nikaandika namba ya kitambulisho, na pembeni nikaandika kwa kalamu kwamba umri halisi ni mkubwa kuliko unaoonekana. Kosa langu la kwanza hilo. Karani akaingiza namba, kompyuta ikaleta mwaka 1957, mtu wa miaka 66, na mambo yakaishia hapo, yale maandishi yangu ya pembeni hakuna aliyeyasoma kwa sababu hakuna pahala pa kuyaingiza.

Huo mwaka 1957 ulitoka wapi? Bibi alichukua kitambulisho akiwa mtu mzima tayari, hakuwa na cheti cha kuzaliwa, karani wa wakati huo akamtazama usoni akakisia. Nikamuuliza anakumbuka nini cha utotoni. Akanambia mafuriko makubwa ya kabla ya uhuru, alimshika mkono mdogo wake wakavuka maji ya kiunoni kwenda kwa shangazi yao. Mafuriko hayo ni ya 1961. Kitambulisho kikiwa kweli basi alikuwa na miaka minne, na mtoto wa miaka minne havushi mtu. Tena huyo mdogo wake yuko hai, yuko hapahapa Malindi, alisomeshwa kwa hivo rekodi ya shule anayo, kitambulisho chake kinasema 1955. Yaani kwenye karatasi za serikali mdogo amemzidi dadake miaka miwili.

Tukaanza kurekebisha Februari 2024. Ofisini wakataka hati ya kiapo, barua ya chifu, na karatasi ya hospitali ya kukadiria umri. Kila moja ilikuwa safari mbili ama tatu. Faili la kwanza likapotea ofisini, na mimi nilikuwa nimepeana karatasi za asili bila kubaki na kopi, tukaanza upya.

Halafu kuna siku ya vidole, sitaisahau. Karani akaweka mkono wa Bibi kwenye mashine, taa nyekundu. Kidole kengine, nyekundu. Vyote kumi. Miaka hamsini ya kushona makuti imevilainisha vile vidole mpaka alama zimefutika, ukivishika ni vigumu kama pembe na juu yake pamenyooka kama kioo. Karani akavifuta kwa kitambaa, akavipaka maji, akajaribu tena, mwisho akasema apumzishe mikono wiki mbili, apake mafuta, asifanye kazi, ngozi itarudi. Tukatoka nje Bibi akanishika bega, "Mwanangu, wiki mbili nisishone, hawa watoto nitawalisha vidole?"

Tuliyoamua na kwanini

La kwanza lilikuwa hilo la wiki mbili. Akina mama wa chama cha mtaa wakakaa wakakubaliana kila nyumba ipeleke chakula siku moja, nyumba kumi na nne siku kumi na nne. Tuliona bora tule hasara hiyo mara moja kuliko kwenda na kurudi na taa nyekundu kila mwezi. Usiku Bibi alipakwa mafuta ya nazi na kufungwa vitambaa. Siku ya kumi na tano mashine ikasoma vidole sita, vikatosha.

La pili ni barua ya mwenye kiwanja. Niliona kumlazimisha hakufai na kumshtaki ndio kutamtoa Bibi kabisa, kwa hivo nikajiuliza huyu bwana anaogopa nini hasa, nikaandika barua inayojibu hofu yake badala ya inayojibu fomu. Maneno yenyewe watu wameniuliza sana, yalikuwa kama hivi: "Mimi mwenye nyumba nakubali kwamba kiwanja ni cha familia fulani na nakilipia kodi. Mabati nitakayopewa ni mali yangu, siku nikihama nitayang'oa niondoke nayo. Kuezeka kwa mabati hakubadilishi makubaliano yetu ya kiwanja. Mimi mwenye kiwanja naridhia aezeke." Wote wawili waweke sahihi mbele ya chifu na kila mmoja abaki na nakala. Yule mwana wa mwenye kiwanja aliisoma mara tatu, akaongeza neno moja, akatia sahihi. Hiyo ni Aprili 2024.

Kuna rafiki yangu wakili alinilaumu kwa barua hii, akasema nimemfanya Bibi akiri kwa maandishi kwamba hana haki ya ardhi. Lawama hiyo ina uzito. Mtu ambaye amekaa kwenye ardhi miaka mingi na halipi kodi na anafikiria kudai asiige barua hii hata kidogo, akaonane na mtu wa sheria kwanza. Bibi alikuwa akilipa kodi miaka yote na risiti zipo, alishakiri zamani, hakuwa na dai la kupoteza. Nilimweleza mara mbili na siku ya tatu yeye ndiye aliyesema twende.

La tatu ndilo lililotugeuzia mambo. Hadi Julai tulikuwa tunaambiwa rudi. Rudi Jumanne, rudi mfumo ukifunguka, rudi bosi hayuko. Siku moja nikajaribu kumtajia karani Kifungu cha 43 cha Katiba, kile cha haki ya makao bora na hifadhi ya jamii, na kinachoitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Kweli kipo, lakini kumsomea karani dirishani hakukusaidia kitu, alikasirika na Bibi akawekwa mwisho wa foleni. Nilimwomba radhi Bibi jioni. Baada ya hapo tukabadilisha, tukaandika barua fupi ya ukurasa mmoja kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tukauliza mambo mawili peke yake: ombi la kurekebisha mwaka wa kuzaliwa limefikia wapi, na ni karatasi gani imepungua. Sheria hiyo inawapa siku 21 za kujibu. Tukapeleka nakala mbili, moja ikapigwa muhuri tukarudi nayo. Siku ya 18 likaja jibu la maandishi, kwamba karatasi ya hospitali haikuwa na muhuri. Muhuri! Tangu Machi ilikuwa imekwama hapo na katika safari zote zile hakuna aliyetwambia.

Yalipofikia

Januari 2024, kabla ya barua zote hizo, majirani walichanga makuti na boriti wakamwezekea chumba kimoja ili masika isiwakute nje. Mabati yalikuja Juni kwenye ugavi wa pili, vipande vinane, na nyumba yote ilihitaji ishirini na mbili, kwa hivo yamefunika chumba cha pili tu. Upande wa nyuma bado uko wazi.

Kitambulisho kilitoka Oktoba 2024, mwaka 1952. Tukaenda siku hiyohiyo kwa ile pesa ya wazee, tukaambiwa usajili umefungwa. Hili wengi hawalijui: mtu hasajiliwi siku anayotimiza sabini, watu husajiliwa kwa awamu na kati ya awamu na awamu panaweza kupita miaka. Tukaomba jibu la maandishi na safari hii hatukungoja kuzungushwa. Januari 2025 likaja, jina lake limeorodheshwa kwa awamu ijayo. Hajapata shilingi.

Kuhusu wajukuu sikufika mbali. Msaada wa mayatima upo tangu 2004 lakini unahitaji cheti cha kifo cha mama, naye alifia nyumbani, akazikwa siku hiyohiyo kama ilivo desturi yetu bila kibali. Hilo bado tunalifuata.

Gharama nilikuwa naziandika kwenye daftari. Safari ishirini na tatu, tuktuk mia moja kwenda na kurudi, hiyo 2,300. Hati ya kiapo 500, hospitali 1,000, kopi na picha 400. Jumla 4,200 taslimu. Ukiongeza siku ishirini na tatu za safari ambazo hakushona makuti, kwa mia mbili, ni 4,600 nyengine. Kwa hivo 8,800 zimeenda ili mtu asiyekuwa nazo atafute elfu mbili kwa mwezi. Nusu ya taslimu alitoa yeye, nyengine chama.

Nilivoona mimi

Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba katika miezi kumi na nne hakuna hata ofisi moja iliyotukatalia waziwazi. Ukikataliwa una kitu cha kushika, unaweza kukata rufaa, unaweza kuuliza sababu, unaweza kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala ambako kupeleka malalamiko ni bure. Ukiambiwa rudi Jumanne huna cha kushika, umebaki na nauli ya Jumanne. Mtu maskini anaishiwa na nauli kabla hajaishiwa na haki, na kwenye vitabu vya ofisi haonekani amenyimwa, anaonekana hakurudi. Ile barua ya siku 21 ilifanya kazi kwa sababu iligeuza "rudi" kuwa karatasi yenye tarehe. Ningeiandika Machi tungeokoa miezi minne na nauli za safari tisa, na hizo tisa naziona kwenye daftari kila nikilifungua.

Kosa jengine ni mpangilio. Mimi nilikimbilia msaada kwanza na kitambulisho baadaye, kwa sababu paa lilikuwa limeanguka na kichwani nilikuwa na paa tu. Lakini kompyuta haijui paa, inajua namba. Lau tungeanza na mwaka wa kuzaliwa Desemba 2023 sambamba na kutafuta makuti, huenda tungewahi usajili. Siwezi kuapa, lakini nafasi ingekuwepo.

Kilichofanya kazi sana ni akina mama. Zile siku kumi na nne za chakula hazimo kwenye mwongozo wowote wa msaada wa serikali, lakini bila hizo vidole visingesomeka, bila vidole hakuna kitambulisho, bila kitambulisho hakuna chochote. Anayepanga kumsaidia mzee anayefanya kazi ya mikono, iwe makuti, kuponda kokoto ama kufua, apange chakula cha wiki mbili kwanza kabla ya kupanga nauli.

Msaada wa nyumba wenyewe umetengenezwa kwa mtu mwenye ardhi. Nyumba za bei nafuu tunazosikia, ambazo mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa Sheria ya 2024, ni nyumba za kununuliwa, mtu analipa mwezi kwa mwezi, na Bibi hana mwezi wa kulipa. Mabati nayo yanataka barua ya ardhi. Mtu wa nyumba bila ardhi hayumo kwa huyu wala kwa yule, na hapa Malindi ni mitaa mizima. Kama ugavi ungekubali kutoa makuti na boriti kwa wasioruhusiwa mabati, Bibi angekuwa ameezekwa Desemba ileile, na fundi wa makuti ni yeye mwenyewe.

Faili lililopotea sitalizungumza sana. Piga kopi. Kila karatasi, kila siku, hata ile unayodhani haina maana.

Sai tunafanya kitu kimoja ambacho kimetoka moja kwa moja kwenye kisa hiki. Wiki jana baada ya alasiri tulikaa kwenye baraza ya jirani tukaomba wazee wa mtaa waje na vitambulisho vyao, wakaja kumi na moja. Tulimuuliza kila mmoja anakumbuka nini, mafuriko, uhuru, nani alizaliwa mbele yake, halafu tukatazama mwaka uliochapishwa. Wanne miaka yao haiwezekani kabisa. Mmoja wao, kwa mujibu wa kitambulisho chake na cha kifungua mimba wake, alijifungua akiwa na miaka saba. Yeye ndiye tunayeanza naye, na karatasi yake ya hospitali tumehakikisha ina muhuri.